Mtu Aliyeitwa Ameuzwa

Wewe ungeuachia? Umeukamata mguu wa mtu, unaongoza kwa pointi moja, fainali ya Ulaya imebakiza muda wa kumeza mate tu, mara unaona nyusi ya mwenzako imepasuka na damu inamwingia jichoni. Haoni. Mwamuzi yuko upande wa pili, hajapiga filimbi. Ule mguu ungeuachia?

Usiharakishe kujibu. Mjini kwetu, huku milimani nyuma ya Samsun, kila mwanamume ameshalijibu swali hili akiwa amekaa kwenye kiti cha mkahawa, glasi ya chai mkononi na kitambi kimemlalia mapajani. Wote wamesema wasingeuachia. Waongo. Nawajua, nimezaliwa kati yao, na najua walilelewa katika uwanja uleule aliolelewa mjomba wangu. Wangeuachia mguu hata kabla yake.

Mjomba wangu aliuachia. Jina lake Satilmish, ndugu wa mama yangu kwa baba na mama, fundi wa majiko ya makaa na mabomba ya moshi katika kichochoro cha wafua bati. Kabla ya nyundo na bati alikuwa mwanamieleka wa mtindo huru, kilo sabini na nne, na alishindana kuanzia Tehran mpaka Helsinki.

Satilmish, kwa lugha yetu, ni aliyeuzwa. Hakuna kijiji chetu kisicho na Satilmish mmoja au wawili, na kila mtu anajua jina hilo linatoka wapi. Bibi yangu Gulizar alikuwa amezika watoto, mmoja baada ya mwingine, hakuna aliyefika kutambaa. Alipozaliwa huyu, bibi alimfunga kwenye shali, akapanda naye mpaka kwenye kaburi la walii kilimani, akamlaza juu ya jiwe na kumwambia walii kwamba hana mtoto, huyu amemuuzia yeye. Akarudi nyumbani kama mwanamke asiye na mtoto, akakaa kibarazani akisuka sufu, ili kifo kikija kuulizia mtoto wa Gulizar kikute hayupo. Jirani ndiye aliyekwenda kumchukua mtoto na kumleta, kama mtoto wa watu anayelelewa tu. Hilo ndilo jina lake. Mwanamke aliyeungua ndani kwa uchungu alimpa mwanawe jina hilo, na mji mzima ukaja kulifanya tusi.

Nitaeleza walivyofanya.

Huku kwetu mieleka huanzia kwenye majani. Unavaa suruali ya ngozi, unamwagiwa mafuta kuanzia utosini, ngoma na zumari zinapigwa, na mnashikana huku mnateleza kama samaki. Mafuta yakichanganyika na jasho na vumbi la majani yakaingia jichoni, unaona moto. Hapo unainua mkono. Mwenzako anakuachia palepale, hata kama alikuwa ameshakuinua. Anachukua kitambaa kwa mgawa maji, anakufuta jicho kwa mkono wake mwenyewe, anakuuliza kama unaona. Ukisema unaona, mnaendelea kuvunjana mbavu. Haikuandikwa popote. Mtoto hujifunza kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Aliyemfundisha mjomba ni Mwalimu Rushtu, ambaye baadaye alikuwa kocha wa timu ya taifa. Siku moja, mjomba akiwa bado kijana wa shule, alipambana na mtoto wa mchinjaji aliyekuwa mzito kuliko yeye. Yule mtoto aliingiwa na mafuta akainua mkono. Mjomba akajifanya hakuuona, akamwangusha chali. Akaruka kwa furaha. Rushtu aliingia uwanjani, akamzaba kofi mbele ya ngoma, mbele ya baba yake, mbele ya watu wote, akamwambia, "Mtu haoni, nawe unamwangusha? Nenda kaangushe kuku." Watu walipiga makofi kwa Rushtu. Wengi wa waliopiga makofi siku ile bado wako hai. Wanacheza karata mkahawani kwa Kerami.

Kutoka kwenye majani mjomba alikwenda kwenye zulia la mieleka ya ukumbini. Kiwanda cha sukari cha serikali kilikuwa na timu, kikampa kazi ya ulinzi na muda wa mazoezi. Alikuwa na mbinu moja tu kubwa, kukamata mguu mmoja na kuung'ang'ania mpaka mwenye mguu achoke kuudai. Wairani walimpiga mara mbili na yeye akawapiga mara moja, akarudi akisifia mchele wao kuliko ushindi wake. Huko Helsinki alipoteza jino na hakugundua mpaka alipouma mkate. Alipata shaba ya Balkani, halafu dhahabu ya Balkani. Hapo mji ukaanza kumwita Pehlivan, jina tunalompa mwanamieleka aliyestahili, na halinunuliki. Kila alipopita sokoni, wauza jibini walisimama. Satilmish Pehlivan, njoo unywe chai. Satilmish Pehlivan, onja jibini hili. Siku hizo jina halikumchekesha mtu.

Fainali ya Ulaya ilikuwa Varna, kwa Wabulgaria, na mpinzani wake alikuwa Mbulgaria, Stoyan Gerov, mtu wa mabega mapana aliyeshangiliwa na ukumbi wote. Mjini kwetu walikuwa wamejazana mkahawani kwa Kerami mbele ya televisheni. Kwa hiyo waliona. Nataka ulikumbuke hilo: waliona kwa macho yao. Waliona vichwa vikigongana na nyusi ya Gerov ikifunguka. Waliona Gerov akiinua mkono kujifunika jicho, na mjomba akiuachia mguu, akisogea, akinyoosha kiganja kilichofunguka, kama mtu anayemfuta mtoto machozi. Kerami mwenyewe, na hili nimelisikia kwa zaidi ya mmoja, alisema, "Anamfuta jicho, maskini." Gerov hakujua mkono ule ni wa nini. Alidhani unakuja kumchoma jicho. Akaudaka, akageuka, akamtupa, na mabega ya mjomba yakagusa zulia. Filimbi ikalia sasa, maana mabega yakigusa chini pointi hazihesabiwi tena. Kwisha.

Jioni ile Gerov alikuja hotelini na plasta juu ya jicho na mkalimani nyuma yake. Mkalimani alikuwa ameshamweleza ule mkono ulikuwa wa nini. Gerov hakusema mengi. Alivua jaketi lake la timu akampa mjomba, mjomba naye akavua lake akampa, kama wanamieleka wanavyofanya popote duniani, wakakumbatiana.

Nje ya chumba hicho mambo mengine yalikuwa yanapikwa. Wakubwa wa chama cha mieleka walimweka Rushtu kati wakamuuliza mwanafunzi wake amefanya nini. Angeweza kusema neno moja. Angeweza kusema, nilimfundisha mimi. Lakini wakubwa wale walikuwa wa mjini, wa suti, waliokuwa wamechoka kuambiwa na wageni kwamba wanamieleka wetu ni wa vijijini, na Rushtu aliona kazi yake inaning'inia. Akasema, "Sijui. Muulizeni yeye." Waandishi walikuwepo. Sijui ya kocha ilitosha. Asubuhi gazeti moja likaandika kwa herufi kubwa: SATILMISH AMEUZWA, kana kwamba alihongwa ashindwe. Mtu fulani mezani huko Istanbul aliona jina, akacheka, akaenda kula chakula cha mchana.

Mjomba hakusoma gazeti. Alishuka kwenye basi mjini kwetu akiwa amevaa jaketi la Gerov, kwa sababu kulikuwa na baridi na kwa sababu alilipenda. Mtu mwenye hatia angelificha. Yeye alishuka nalo mchana kweupe, jina la Bulgaria limeandikwa mgongoni, akiwa na sanduku la biskuti kwa mama yake. Kituoni mtu mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Tazameni, malipo yenyewe hayo."

Kufikia jioni, waliosema anamfuta jicho walikuwa wamesahau walichosema. Hili ndilo linalonichemsha. Ningeweza kuwasamehe kama wangekuwa wamesoma gazeti bila kuona. Lakini walikuwa wameona, na wanajua ule mkono maana yake nini kuliko watu wote duniani, na bado waliamini mtani wa Istanbul kuliko macho yao. Kwa nini? Kwa sababu mzaha ulikuwa mtamu. Kwa sababu ni raha kumshusha mtu ambaye wauza jibini walikuwa wakisimama akipita.

Kiwanda kilimwambia timu haina nafasi, na ulinzi pia hauna nafasi. Neno Pehlivan liliondoka midomoni mwao. Akawa Satilmish tu, na walilitamka taratibu, wakilivuta mwishoni. Akiingia mkahawani, mmoja anauliza bila kuinua macho kwenye karata, "Satilmish, leo bei gani?" Meza inatikisika kwa kicheko. Akakoma kuingia mkahawani, wakawa wanamuuliza njiani. Bibi yangu alikufa akiwa ameombwa na wanawake wa mtaani amweleze mwanawe aseme tu walimpa nini, ili yaishe. Mimi nilipigana shuleni kwa ajili ya jina hilo mpaka mwalimu akaacha kuuliza nani ameanza.

Nilikwenda chuo kikuu Samsun nikarudi, na bado walikuwa wanauliza bei.

Mwaka huu mji uliamua kuadhimisha mashindano yake ya majani kwa fahari kubwa. Nejdet, mwenye duka la samani na mwenyekiti wa kamati, mtu anayecheka kabla hajasema, alikuja karakana ya mjomba nikiwepo. Akasema televisheni inakuja. Mabingwa wa zamani watapangwa mstari, na mwitaji atamwita mmoja mmoja kwa mashairi, kama anavyowaita wanamieleka, jina lake na matendo yake, na kila aliyeitwa atapiga hatua mbele.

"Na kaka, medali ya Ulaya mjini hapa ni yako peke yako," Nejdet alisema. "Fedha, lakini ni ya Ulaya."

Mjomba aliendelea kupinda bati.

"Ila kuna kitu kidogo."

"Nilijua kipo."

"Jina. Unawajua watu wetu. Mwitaji akisema Satilmish tu, uwanja mzima unaanza, na kamera zipo. Tumeonelea akuite Sadik. Sadik Pehlivan. Linakaribiana, halafu maana yake mtu mwaminifu. Zuri, au siyo?"

Mjomba aliweka nyundo chini. Alimuuliza Nejdet kama yeye mwenyewe, watu wakilicheka jina lake, atalibadilisha.

"Mimi hawanicheki, kaka."

"Watakucheka saa ngapi? Hujawahi kusimama mahali ukaonekana."

Nejdet alicheka, lakini masikio yalimwiva. Mjomba akamwambia neno lake, na alilisema polepole, kama mtu aliyekuwa amelibeba muda mrefu. Mama yake alimuuza ili aishi, na akaishi, na jina hilo hatalivua. Wamuite kwa jina hilo na Pehlivan juu yake, au wasimwite. Na kabla hajaitwa, Rushtu ashike kipaza sauti aseme ni nani aliyeufundisha ule mkono.

Nejdet akasikitika kweli, kama daktari. Mwalimu Rushtu ni mzee sana, akasema, ana ugonjwa wa moyo, ukumbi wa mazoezi una jina lake. Unataka tumtie aibu mzee mbele ya televisheni kwa mambo ya zamani?

Nikasema, "Kwani aibu ya mjomba wangu ni ya zamani? Jana tu wamemuuliza bei."

"Wewe msomi shika bati lako," Nejdet akanijibu, akatoka.

Siku ya mashindano mjomba hakuambiwa aje wala asije. Alikwenda. Alivaa shati safi na koti, akaenda akasimama mwisho wa mstari wa wazee, baada ya wachinjaji wastaafu na madereva wastaafu waliowahi kujishindia zawadi za mbuzi na kondoo. Hakuna aliyethubutu kumwondoa. Rushtu alikuwa ameketishwa mbele yao kwenye kiti chenye mto, fimbo katikati ya magoti. Mwitaji aliita mmoja mmoja kwa mashairi yake, zumari zikijibu, wazee wakapiga hatua mbele wakiwa na machozi. Halafu akafika mwisho. Nilimwona akimtazama Nejdet, na Nejdet akainamisha kichwa kidogo kumruhusu.

"Sadik Pehlivan," mwitaji aliimba.

Mjomba hakusogea. Mwitaji akaimba tena, jina lilelile, kwa sauti ndogo zaidi. Mjomba alisimama kama anasubiri mtu mwingine aitwe. Huko nyuma, penye kivuli cha hema la wauza nyama ya kuchoma, mtu akasema, "Ongezeni bei, labda atasogea." Kicheko kikatembea kama moto wa nyasi. Watu wazima. Wengine wamebeba wajukuu mabegani, na wajukuu wakacheka pia, bila kujua wanacheka nini. Hivyo ndivyo uovu unavyorithishwa huku kwetu, begani, na nyama ya kuchoma mkononi.

Mjomba alitoka kwenye mstari akaenda kwa Rushtu. Mwitaji alikuwa karibu, na kipaza sauti chake hakikuzimwa, kwa hiyo uwanja mzima ulisikia. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwalimu, siku uliponipiga kofi hapa, uliniambia nini?"

Rushtu alitazama majani. Kwa kitambo nilidhani atasema. Yule mzee akafungua mdomo, akaufunga. Nejdet akaashiria ngoma, ngoma zikapigwa, vijana waliopakwa mafuta wakaingia. Mjomba alipita katikati yao akatoka uwanjani. Nilimfuata. Njia nzima nilisema mengi, ya matusi, ambayo sitayaandika hapa.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa karakana. Mjomba alikuwa anaunga bomba la jiko la mjane mmoja wa mtaa wa juu. Gari likasimama mdomoni mwa kichochoro, na Mwalimu Rushtu akashuka peke yake, mwanawe akiwa amekatazwa kumfuata. Alikuja kwa fimbo, akishika ukuta. Wafua bati wakaacha kupiga, mmoja baada ya mwingine.

Hakuketi. Alisema hakulala. Alisema mtu wa umri wake hajui kesho, na hawezi kwenda kaburini na haki ya mtu shingoni. Huku kwetu hilo ni jambo zito. Aliyeombwa radhi na mzee kama huyu akikataa, watu humwogopa.

"Nipe radhi yako, mwanangu," Rushtu alisema.

Mjomba alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Hapa siwezi kukupa, Mwalimu. Hapa hukuninyima kitu."

Mzee alielewa. Nilimwona akielewa, na nilimwona akiogopa. Mjomba akampa mkono wake ashike, wakatoka pamoja, hatua ndogondogo, wakapita kwa wauza jibini, wakapita msikiti, mpaka mkahawani kwa Kerami. Mjomba alikuwa hajavuka kizingiti kile tangu mimi sijazaliwa. Ndani meza zilikuwa zimejaa watu waliokuwa wanasimuliana mashindano ya jana. Walipomwona Rushtu walisimama. Walipomwona aliyemshika mkono, hawakujua waketi au waendelee kusimama.

Rushtu hakungoja kiti. Alishika fimbo kwa mikono miwili.

"Ule mkono wa Varna nilimfundisha mimi," alisema. "Nilimpiga kofi ili ajifunze, na ninyi mlipiga makofi. Nilipoulizwa nikasema sijui. Nilijua. Niliogopa kufukuzwa kazi. Huyu hakuuzwa na mtu. Nilimuuza mimi."

Karata zilikuwa zimefunguka mezani na hakuna aliyezifunika.

Mjomba aliinama, akaubusu mkono wa mwalimu wake, akauweka kwenye paji la uso kama mwanafunzi. "Nimekupa radhi," alisema. "Iwe halali kwako."

Watu wakaanza kusogea. Mmoja akavuta kiti, mwingine akakifuta kwa mkono wa koti lake. Kerami, mzee sasa, alikuja na glasi ya chai juu ya kisahani, akasema, "Keti, Satilmish Pehlivan. Sote tulikosea. Tupe radhi yako na sisi."

Mjomba aliitazama ile chai. Akawatazama wao, meza baada ya meza, kila uso, na walioweza kumtazama hawakuwa wengi.

"Yeye alisema sijui mara moja," alisema. "Ninyi mliniuliza bei kila siku."

Akamketisha Rushtu kwenye kile kiti, akaiacha chai, akatoka nje. Nilimkuta kichochoroni ameshashika nyundo, anamalizia bomba la mjane, na wafua bati wote wamesimama milangoni kwao.